Wimbo wa Midomo ya Kasuku

Vumbi la pamba halianguki. Linakaa hewani, linaning'inia kwenye mwanga unaoshuka kutoka vioo vya paa, linazunguka, linapanda, linashuka kidogo, linapanda tena, halina haraka na mtu. Tulilimeza. Tulilitema. Tulirudi nalo nyumbani kwenye nyusi, kwenye nywele, ndani ya sidiria, na watoto wetu walitupokea mlangoni wakitucheka kwa kugeuka vikongwe tangu asubuhi.

Nakuambia wewe, Bwana Kioo. Usijifanye hunijui. Wewe ndiye meneja uliyesimama kule juu, nyuma ya dirisha kubwa la ofisi, mikono mgongoni, ukitutazama chini kwenye ukumbi wa kufuma kama mtu anayekagua kuku wake. Ndiyo maana tulikuita Bwana Kioo. Hukulijua jina hilo. Mengi hukuyajua, na moja nitakuambia leo, maana limenikaa kooni na sina mpango wa kulimeza.

Mashine zako zilipiga. Zilipiga asubuhi, zilipiga mchana, zilipiga mpaka sakafu ikatupanda miguuni na kufika magotini. Taka-ta, taka-ta, taka-ta. Ungeweza kumwita mama yako mzazi kwa nguvu zote za kifua, na aliyesimama bega kwa bega nawe asigeuke.

Basi tukajifunza kusema bila sauti. Tulichora maneno kwa midomo, taratibu, na macho yakafanya kazi ya masikio. Kule chini tulitaniana, tulisutana, tulipeana habari za waume na dawa za mafua. Tuligombana pia, tena vizuri tu. Mgeni akiingia aliona wanawake wanatafuna hewa.

Siku moja ulileta wageni. Pale mlangoni kulikuwa na misumari, na kwenye misumari vizuia kelele vyekundu, vile vya kufunika masikio yote mawili. Vya wageni. Sisi tuliambiwa tusiviguse, tutavichafua. Mkavaa, mkapita katikati yetu mkitabasamu, mkapanda ofisini, mkajipanga nyuma ya kioo.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akatuonyesha kwa kidole. Nilimsoma midomo: "Na hao je, wao hawavai?"

Kisha nikakusoma wewe, Bwana Kioo. Ulicheka kwanza. Halafu ukasema: "Hao? Wanataka masikio ya nini? Hawaji hapa kusikiliza muziki."

Masikio ya nini. Haki ya Mungu, ulisema hivyo, na shavu lako halikutetemeka. Ulidhani kioo kinakusitiri. Ulisahau kwamba umetulea wewe mwenyewe, umetufanya watu wa kusoma midomo, na kioo chako kilikuwa safi kwa sababu mmoja wetu alikifuta kila asubuhi.

Uzi wangu ukakatika. Nikaufunga. Ungetaka nifanye nini? Nyumbani kulikuwa na vinywa vinavyoningoja, na vinywa havili hasira. Nikafunga fundo, nikawasha mashine, taka-ta, taka-ta, nikaendelea kukufumia mashuka.

Mashine iliyopakana na yangu ilikuwa ya Kasuku. Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mimi waliniita Pilipili, na sababu unaiona. Kasuku aliimba. Akishataniana na sisi, akishamaliza umbea, aligeukia mashine yake na kuimba, shifti nzima, wimbo uleule, macho kwenye nguo na kichwa kikienda huku na huku. Sauti yake sikuipata hata chembe. Maneno niliyapata yote:

Uzi mwekundu pita, uzi mweupe ngoja,
nguo ya nani hii, mbona sijaivaa?

Yaliendelea, beti kwa beti, na kila ubeti ulinifanya nicheke au nikasirike, au vyote viwili. Niliujua wimbo ule kama njia ya kwenda chooni. Niliujua wote, ila sikujua unavyolia. Unapanda wapi, unashuka wapi, unavutwa, unakatwa? Nje ya geti kila mtu alikimbilia kwake, na sikuwahi kumuuliza. Nilidhani muda upo.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Sisi kilichotula tulikifuma kwa mikono yetu, mita kwa mita.

Siku ya kustaafu ulitupa zawadi. Unakumbuka? Ulisimama jukwaani, ukatupigia makofi, ukatukabidhi kila mmoja wetu boksi lenye utepe. Nikalifungua njiani. Redio! Ulikula masikio yetu, ukajifuta mdomo, kisha ukatugawia redio. Nilicheka peke yangu barabarani hadi mwenye baiskeli akashuka kuniuliza kama niko salama.

Nikaenda nyumbani nikakingoja kimya. Kimya hakikuja. Ulikuja mlio. Mwembamba, mkali, haupumui: iiiiii, kutwa kucha, ndani ya fuvu langu, kama birika lililosahauliwa motoni na mwenye nyumba kasafiri. Mashine zako umezizima, Bwana Kioo. Yangu nimetoka nayo.

Nikaenda kwa daktari wa masikio. Alinipima, akaandika, akaongea huku ameinamia meza. Nikamwambia, "Inua uso, daktari, nikusome." Akainua. Akasema, "Mama, la kushoto limekwenda. La kulia linafuata. Haturudishi kilichokufa." Nikauliza litafuata lini. Akasema hawezi kujua, inaweza kuwa upesi. Jirani yangu, mcheshi asiyejua kupima, akanitania: sikio la kufa halisikii dawa! Nikamwambia aende akamtanie mkewe.

Usiku ule sikulia. Nilikasirika tu, hasira nzuri, hasira ya kufulia nguo nzito. Nikajiuliza: kabla sikio hili halijafunga mlango, nataka kusikia nini? Si redio yako. Si mahubiri. Nataka wimbo wa Kasuku. Niusikie unavyolia, mara moja, kabla sijabaki na mlio peke yake.

Lakini kichwa changu hakishiki sauti tena. Naisikia, na kabla sijaikunja na kuiweka, mlio unaifuta. Vidole, hapana. Vidole vyangu havijawahi kusahau kitu tangu nizaliwe. Nikasema, wimbo huu nitauweka vidoleni. Ukishakaa vidoleni, sikio na life kwa wakati wake, sitakuwa nimeachwa mikono mitupu.

Ndivyo nilivyonunua gita.

Binti yangu alipoliona alishika kiuno. "Mama! Gita? Samaki mkunje angali mbichi."

"Mimi si samaki," nikamwambia. "Pisha njia."

"Watu watasemaje?"

"Waseme kwa sauti. Wakinong'ona hawatanipata."

Masikio ya nini, Bwana Kioo? Ya hili.

Mwalimu wangu ni kinyozi wa kona ya pili. Kijana wa watu, mpole, mwenye gita lililochubuka ambalo hulipiga wateja wakikosekana. Asubuhi hakuna wateja, wanaume huota ndevu taratibu. Nilikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, mbele ya kioo kirefu, nikijitazama: mama mzima, nywele nyeupe kweli safari hii, gita tumboni kama mimba ya uzeeni.

"Bonyeza hapa, Mama," alisema. "Na hapa. Sasa pitisha kidole."

Nikapitisha. Kwanza ilitoka sauti ya bati. Nikarudia. Bati. Nikarudia. Bati. Loo! Nyuzi zilinikata ncha za vidole, na mimi nilidhani ngozi yangu imeshamalizana na nyuzi. Nilitukana. Kinyozi akajifanya anasafisha kitana. Nikarudia, nikarudia, nikarudia, maana kama kuna kitu ulichonifundisha, Bwana Kioo, ni kurudia.

Siku nyingine nilifika nimejityunia gita nyumbani mwenyewe. Nilijiona mjanja. Nilikaza uzi mwembamba, nikasikiliza, nikakaza, nikasikiliza, nikitafuta mahali unapotulia. Na uzi ukapanda, ukapanda, ukazidi kukaribiana na mlio wangu, ukitaka kuzama humo ndani kabisa, nami nikafurahi, nikajua hapo ndipo penyewe. Nikaukaza kidogo tena, mbele ya Kinyozi, nimwonyeshe.

Paa! Uzi ukakatika, ukanichapa shavuni.

Hapo sikufikiri. Mikono haikuniuliza. Kabla Kinyozi hajafumba mdomo, nilikuwa nimekamata ncha mbili, nimezizungusha, nimepitisha, nimevuta. Fundo la ukumbi wa kufuma, dogo kama punje ya mtama. Nikainua macho nikingoja mashine iwake.

"Mama," akasema Kinyozi kwa upole, "uzi wa gita haufungwi fundo."

Nikatazama fundo langu zuri. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimerudi kazini kwako bila ruhusa yangu, Bwana Kioo. Nimestaafu, nimezeeka, nimetoka getini na boksi la utepe, na bado ukipiga kofi vidole vyangu vinakuitikia. Nilitaka kulivunja lile gita kwenye ukuta. Nililinyanyua kabisa.

Kinyozi akalipokea taratibu, akavalisha uzi mpya, akabandika kichwani mwa gita kidude chenye taa. "Ngoja taa iwe ya kijani," akasema. "Hapo ndipo sahihi." Nikapiga uzi. Nyekundu. Akalegeza. Nyekundu. Akalegeza sana, mpaka sauti ikashuka mbali kabisa na mlio wangu, na taa ikawa kijani.

"Lakini hapo si penyewe," nikasema.

"Ndipo penyewe, Mama. Dunia nzima ipo hapo."

Nikaelewa. Nilikuwa nimelityuni gita kwa mashine. Umbali wote ule, kona ya pili, kwenye kiti cha kinyozi, nilikuwa bado natafuta sauti yako na kuiita nyumbani. Nililia kwa hasira mbele ya kioo, nikajiona nalia, nikakasirika zaidi. Mteja aliingia akatoka.

"Tupumzike leo?" Kinyozi aliuliza.

"Nani kasema nimechoka? Bonyeza wapi?"

Nikajifunza. Si vizuri, tusidanganyane. Mikao michache ya vidole, kuhama kutoka mmoja hadi mwingine bila kusimama kama punda kwenye daraja, na kutafuta wimbo kwenye uzi mmoja, hatua kwa hatua, mpaka uupate. Kinyozi alikuwa akiimba kipande, mimi nakitafuta. Aliimba upande wa kulia. Nikikipata aligonga kiti kwa kitana, na mimi nilijisikia kama nimeiba kitu kutoka mfukoni mwako.

Na sikio la kulia likaanza kuniaga. Kwanza ndege. Kisha maji ya bombani. Kisha Kinyozi mwenyewe, sauti yake ikawa kama anaimba kutoka nyuma ya godoro. Nikamwambia sirudi wiki hiyo, nina safari.

Kasuku anaishi kwa mwanawe, mji wa jirani, chumba cha uani. Nilimkuta kwenye kigoda karibu na dirisha, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Kasuku, mdomo umefungwa! Mkwewe, mama mchapakazi mwenye haraka, alinikaribisha akaniambia kwa kupaza sauti, "Hasikii kabisa, Mama. Na haongei siku hizi. Alikuwa akiongea anapiga kelele, watoto wanacheka, basi akaacha."

Nikakaa. Kasuku akanitazama. Kisha midomo yake ikafunguka, bila sauti, kama kule ukumbini: "Pilipili. Umenenepa."

"Wewe umekauka," nikajibu kwa midomo.

Basi tukaongea. Mkwe alipita na ndoo, akatuona tunatafuna hewa, akatikisa kichwa. Tulisema waliokufa. Tulisema waliobaki. Tulikusema wewe, Bwana Kioo, kwa kirefu, na kama masikio yako hayakuwasha siku ile, basi yamekufa kuliko ya kwetu. Nasikia umestaafu, unapanda maua. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Usingizi mwema.

Nikatoa gita. Kasuku akaligusa, akalipapasa ubao, akaniuliza kwa macho nimepatwa na nini. Nikamwambia: "Nimeufuata ule wimbo wako. Uzi mwekundu pita. Maneno ninayo. Nipe unavyolia, niuweke vidoleni, kabla hili moja halijafa."

Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, kisha kicheko kikamgeuka usoni.

"Siujui," akasema.

"Hujui nini? Uliuimba kila siku ya Mungu."

"Niliuimba palepale. Niliutunga palepale, miguu ikitetemeka, nikiufuata mdomo wangu tu. Nikitoka getini nilikuwa nimekwisha. Mtoto analia, moto haujawaka, nani aimbe? Sikuwahi kuuimba nje, Pilipili. Hata mimi sijawahi kuusikia."

Hata yeye.

Sikiliza, Bwana Kioo. Nilidhani hesabu yetu naijua. Masikio yangu, masikio yake, ya wale wengine wote. Sikujua kuna hiki. Wimbo mzima, wenye beti, wenye vichekesho, wenye kuuliza nguo ni ya nani, uliimbwa ndani ya ukumbi wako mpaka mwimbaji akaota mvi, na hakuna kiumbe aliyeusikia, hata aliyeutunga. Uliumeza ukiwa mbichi, wala hukujua unakula nini. Ulikuwa unatazama nguo.

Sikukulaani. Kulaani ni kazi, na mimi nimeshakufanyia kazi za kutosha.

Nikamgeukia Kasuku. "Imba sasa," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akatikisa kichwa. "Watanicheka. Sauti yangu siioni iko wapi. Inatoka tu kama mbuzi."

"Acha itoke."

"Na kama ni mbaya?"

"Mbaya ni yako. Imba, mwanamke, usinitie hasira, nina za kutosha!"

Akaweka kidevu juu ya ubao wa gita, nikapiga uzi mmoja ili auhisi kwenye mifupa. Akafumba macho. Miguu yake ikaanza kutetemeka sakafuni, taka-ta, taka-ta, kwa sababu wimbo ulizaliwa humo na haukujua mlango mwingine. Kisha akafungua mdomo.

Ilitoka kwa mkwaruzo, kama kabati zito linalosukumwa kwenye saruji. Ilikuwa kubwa. Haikujua kipimo, ilijaza chumba, ikatoka dirishani, na huko nje watoto wakaacha kucheza. Lakini ilipanda! Ilikuwa na mahali pa kupanda na mahali pa kushuka. Kwenye "ngoja" ilivuta, ikangoja kweli, na kwenye "sijaivaa" ilishuka ngazi mojamoja hadi chini. Nani angejua? Miaka yote ile niliyatazama maneno hayo, na sikujua kwamba kwenye "sijaivaa" kuna ngazi.

Vidole vyangu vikamkimbilia. Hakuwepo pale penye taa ya kijani ya Kinyozi. Hakuwepo kwenye mlio pia. Alikuwa mahali pake, chini kidogo, kando kidogo. Nikalegeza uzi mpaka nikamfikia, nikabonyeza, nikakosa, nikabonyeza, nikampata kwenye neno moja, nikampoteza, nikampata tena. Kidevu chake kikatikisika juu ya ubao kila nilipompata.

Mkwe akaja mbio na fagio mkononi. "Kuna nini? Mama ana nini?" Wimbi la vumbi likaingia naye, vumbi la uani, la udongo wa kawaida, likapita kwenye mwanga wa mlango na kutua sakafuni.

Nikamnyooshea kidole. "Nyamaza," nikasema. "Anaimba."

Akanyamaza. Akasimama na fagio lake, mdomo wazi, na watoto wakamjaa miguuni. Hakucheka mtu. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha ya Kasuku kitu chochote kunyamaza kwa ajili yake. Yeye hakuona, macho yalikuwa yamefumbwa, alikuwa anamalizia beti zake zote, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja.

Alipofika mwisho akainua kidevu. Alikuwa anahema. Akanitazama usoni, akasahau kwamba ana sauti, akarudi kwenye midomo.

"Ukoje?" akauliza.

Duniani kote hakuna mwingine wa kumuuliza. Nikafuta macho. Nikanyanyua kigoda changu, nikahamia upande wake wa pili, sikio la kulia likakaribia kumgusa shavu.

"Rudia," nikamwambia. "Ule mwanzo sikuusikia vizuri."